Mrao, gumegume, fataki: bunduki ilivyokua

Kamusi za zamani za Kiswahili zimetunza majina manne ambayo vijana wengi leo hawajapata kuyasikia: bunduki ya mrao, bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki na bunduki ya viasi. Yapange kwa mfuatano huohuo na utakuwa umeishika historia ya silaha hii kwa zaidi ya miaka 400. Kila jina linajibu swali moja: moto unaifikiaje baruti?

Mrao ni utambi wa kamba uliolowekwa shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, unaofuka polepole bila kuzimika. Gumegume ni jiwe linalotoa cheche likigongwa na chuma. Fataki, kabla neno halijahamia kwenye sherehe za mwaka mpya, ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Kiasi ni risasi na baruti yake vilivyofungwa pamoja, vimekwisha kupimwa. Watu wa pwani na wa misafara ya bara waliziita bunduki hizi kwa kuangalia zinavyowaka, na waliona sawasawa, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa kazi yote ya mafundi.

Nimeanza na majina kwa kuwa makosa mengi yanayosimuliwa kuhusu bunduki za kale yana mzizi mmoja. Watu hudhani silaha hii ilizaliwa ikiwa mtu mzima: mtu fulani kaivumbua, kesho yake upinde na deraya, vazi la chuma la vitani, vikatupwa. Ukweli ni kwamba ilitambaa kwa karne nyingi.

Linalosikika sana ni hili: ati Wachina waligundua baruti wakaichezea fataki za sherehe, mpaka Wazungu walipoichukua wakaifanya silaha. Kitabu cha mambo ya vita kilichotungwa China mwaka 1044, zama za ukoo wa Song, kinaeleza michanganyiko ya shura, kiberiti (yaani salfa) na mkaa, na matumizi yake ni ya vita, yakiwamo mabomu ya kurushwa. Mwaka 1132 mji wa De'an ulipozingirwa, walinzi wake walitoka na mikuki ya moto: mirija mirefu iliyoshindiliwa baruti, ikitema ndimi za moto kwa adui. Hapo silaha ilikuwa moto wenyewe. Baadaye wakaanza kutia ndani ya mrija vitu vya kuruka pamoja na ule moto, na mwaka 1259 inatajwa mianzi iliyorusha vidonge. Mwanzi ukapisha shaba nyeusi. Mtutu uliofukuliwa Heilongjiang, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1288 au kabla, una urefu wa sentimita 34 tu na uzito wa kilo tatu na nusu. Ukiuona utadhani ni kinu cha kutwangia viungo. Lakini mambo yote ya msingi yamo: mdomo, tumbo nene la kuhimili mlipuko, na kitundu cha kuingizia moto. Mwendo wote huo, kutoka moto unaounguza hadi moto unaosukuma kitu, ulifanyika hukohuko China.

Waarabu walijua mali hiyo imetoka wapi. Katika karne ya 13 shura iliitwa kwao theluji ya China, na jina jingine la shura hiyohiyo, barud, ndilo lililotufikia sisi kama baruti. Wajerumani nao wana mtawa wao, Berthold Schwarz, anayesemekana kuivumbua, na mji wa Freiburg umemsimamishia sanamu. Hakuna hati ya wakati wake inayomthibitisha. Kinachothibitika ni kwamba mwaka 1326 serikali ya mji wa Florence iliagiza mizinga ya madini na tufe za chuma, na mwaka huohuo mchoro wa mzinga unaofanana na jagi ukachorwa Uingereza.

Neno bunduki nalo limezushiwa. Wapo wanaosema limetokana na Venezia, mji wa Italia, ambao Waarabu huiita al-Bunduqiyya, eti silaha ilitoka huko. Bunduq kwa Kiarabu ni kokwa ya mti fulani, kisha likaja kuwa kidonge cha udongo au cha madini ya risasi kinachorushwa kwa upinde maalumu wa kuwindia ndege. Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliitwa al-Bunduqdari kwa sababu bwana wake wa kwanza alikuwa mtunza upinde wa namna hiyo. Neno lilikuwepo kabla ya silaha, na silaha ilipofika ikalirithi.

Kosa linaloniudhi zaidi ni lile la deraya. Filamu zimetufundisha kwamba shujaa wa Ulaya aliyevaa chuma utosini hadi unyayoni aliishi zama za panga, kisha bunduki ikaja ikamfuta. Tazama tarehe. Deraya kamili ya mabamba ilikamilika mwanzoni mwa karne ya 15. Bunduki ya mkono iliyopatikana kwenye magofu ya ngome ya Tannenberg, Ujerumani, ni ya kabla ya mwaka 1399, kwani mwaka huo ndipo ngome hiyo ilipobomolewa. Bunduki ndiyo kaka, deraya ile ndiyo mdogo wake. Wawili hao waliishi pamoja kwa zaidi ya miaka 200, wakishindana. Fundi wa deraya alilipiga risasi bamba la kifua karakanani, na kovu likaachwa makusudi ili mnunuzi aone kwamba halikutoboka. Bunduki ikaongezwa nguvu, bamba likaongezwa unene, mpaka askari wakaelemewa na uzito. Wakaanza kuacha mabamba ya miguu, kisha ya mikono, wakabakiza kifua na kofia. Upinde nao haukuondoka kwa siku moja: Uingereza iliendelea kuutambua kama silaha ya wanamgambo wake hadi mwaka 1595.

Sababu ya mwendo huo wa kobe utaiona ukimtazama mpigaji. Mwenye bunduki ya mrao alitembea na kamba inayowaka mkononi na baruti kiunoni. Mvua ikinyesha, kamba inazimika. Usiku, nukta nyekundu zinamsaliti kwa adui. Gumegume, iliyokamilika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, ilimwondolea kamba hiyo, lakini kazi ilibaki ndefu. Unamimina baruti mdomoni, unatia risasi na kitambaa, unachomoa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na kushindilia mpaka chini, unaurudisha mdeki mahali pake. Unaweka chembe za baruti kwenye kisahani cha pembeni, unafunika, unavuta kinyundo nyuma. Ukifyatua, jiwe linakwaruza chuma, cheche zinaangukia kisahani, moto unapita kitunduni, ndipo mlio. Kati ya mwako wa kisahani na mlio pana nafasi ndogo, na mara nyingine kisahani huwaka na bunduki isilie kabisa.

Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyozaa fataki. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland na mwindaji wa ndege wa majini, alichoka kuona ndege wakishtuka kwa ule mwako na kuruka kabla risasi haijawafikia. Akafanya majaribio ya dawa inayolipuka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mtambo wake. Vikofia vya shaba vilifuata miaka ya baadaye.

Michirizi ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja, si jambo la karne ya 19 kama inavyodhaniwa. Wajerumani walikuwa nayo katika karne ya 16. Majeshi yaliisusa kwa sababu kushindilia risasi inayobana kwenye michirizi kulichukua muda mrefu mno, na adui hasubiri.

Pwani yetu imo katika habari hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mreno Francisco de Almeida alipofika Mombasa na merikebu zake mwaka 1505, alikaribishwa kwa mizinga. Wenyeji walikuwa wameiopoa kutoka merikebu ya Wareno iliyozama karibu na Malindi miaka michache kabla, wakaifunga ngomeni na kuipiga. Mji ulichomwa na kuporwa hata hivyo, lakini picha ya watu waliosimama kuduwaa mbele ya mlio wa baruti haikutoka Mombasa.

Na bado watu huuliza kwa nini bara liliendelea na magobore, yanayoshindiliwa kwa mdomoni, wakati Ulaya ilikuwa imeshahamia viasi. Wengine hujibu kwamba wenyeji hawakuweza kujifunza zaidi. Jibu limeandikwa. Majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha katikati ya karne ya 19, bunduki zao kuukuu ziliuzwa kwa bei ya chini, na nyingi zilipitia Zanzibar kwenda bara. Kisha mwaka 1890 dola zilizokutana Brussels zikatia sahihi mkataba uliozuia silaha mpya kuingia Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini. Mkataba huo ulitaja kwa jina kile kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji: bunduki za gumegume zenye mitutu isiyo na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.