Zizi tupu si mahame

Wiki iliyopita nimepokea tena barua pepe ile ile. Nasema ile ile kwa sababu, ingawa mwandishi wake ni mpya na safari yake ni ya pikipiki badala ya farasi, sentensi yake ya tatu ninaijua kwa ghibu: kwamba atapiga hema popote jua litakapomchwea, kwa kuwa Mongolia ni nchi ya watu wa kuhamahama na ardhi yake haina mwenyewe. Nimefanya kazi ya nyanda za malisho nchini humo kwa misimu 11, zaidi katika mikoa ya Arkhangai na Dundgovi, na sentensi hiyo nimeisikia kwa wasafiri, kwa waandishi wa habari, kwa wafadhili, na mara moja kwa mtaalamu mwenzangu ambaye alipaswa kuona haya. Leo nitaijibu hadharani, ili wakati mwingine nitume kiungo tu.

Lawama ya kwanza naipeleka kwa lugha yetu wenyewe. Tunapokirudia kitenzi, mara nyingi tunakipunguzia makusudi: anayetembea ana aendako, anayetembeatembea hana, anayehama amefunga mizigo kwa sababu, anayehamahama tunamwona kama jani kavu mbele ya upepo. Mimi mwenyewe nimeliandika neno hilo katika ripoti nyingi, kwa kuwa ndilo linalotumika maofisini na vyuoni, wala sijapata mbadala uliozoeleka. Wamongolia husema nüüdelchin, neno linalotokana na nüüdel, yaani tendo la kuhama, likiongezewa kiambishi kile kile kinachounda majina ya watu wenye kazi zao: mal ni mifugo, malchin ni mfugaji. Kwa hiyo nüüdelchin ni mtu ambaye kuhama ni fani yake, na fani yoyote ina ratiba.

Ratiba yenyewe ni rahisi kuieleza. Familia ya kawaida ina makao manne: övöljöö ya majira ya baridi, khavarjaa ya machipuko, zuslan ya majira ya joto na namarjaa ya vuli. Hukunja geri, yaani hema lao la duara, huipakia juu ya lori dogo au ngamia, huisimamisha mahali pengine mlango ukitazama kusini, na mwaka unaofuata hurudi pale pale. Katika milima ya Khangai umbali kati ya makao na makao mara nyingi ni kilomita chache, kiasi kwamba mtoto anaweza kurudishwa kufuata sufuria iliyosahauliwa. Jangwa la Gobi ni habari nyingine, kwa maana mvua huko ni ya kubahatisha na mwaka mkavu unaweza kuisukuma familia kilomita 100 na zaidi. Msomaji wa Afrika Mashariki aondoe kichwani kalenda yake: mvua ya Mongolia hunyesha wakati wa joto, kati ya Juni na Agosti, na wakati wa dhiki ni machipuko, pale mifugo imekonda kwa baridi, inazaa, na dhoruba za vumbi zinavuma.

Sasa nifike kwenye hili la ardhi isiyo na mwenyewe, ambalo ndilo linaloniwasha.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2002 inatofautisha mambo matatu ambayo Kiswahili cha kila siku kingeyatupa yote katika kapu la kumiliki. Kuna ömchlökh, kuwa na kitu kama mali yako kabisa. Kuna ezemshikh, kukishikilia kwa hati, kwa muda na kwa masharti. Na kuna ashiglakh, kukitumia tu. Malisho hayawezi kuingia katika la kwanza, kwa sababu Katiba ya mwaka 1992 inakataza ardhi ya malisho kufanywa mali ya mtu binafsi. Katiba hiyo hiyo, nikumbushe kwa wanaoona mifugo ni jambo la vijijini, inatamka kwamba mifugo ni utajiri wa taifa na iko chini ya ulinzi wa dola. Wasafiri husoma sehemu ya kwanza ya habari hii, wakafurahi, wakafunga kitabu. Hawafiki kwenye la pili: eneo la makao ya majira ya baridi na ya machipuko linaweza kushikiliwa kwa hati na kundi la familia zinazokaa pamoja, na hati hiyo hutolewa na uongozi wa sum, yaani wilaya. (Neno hilo nimekataa kulipa irabu ya mwisho kama tunavyofanya kwa maneno ya kigeni, kwa sababu ambayo msomaji ameshaiona.) Malisho yanayozunguka makao hayo hayana hati, lakini kila jirani anajua ni ya kutunzwa, yasiguswe wakati wa joto, ili nyasi zisimame mpaka theluji izikute. Msukuma yeyote aliyewahi kufunga ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, ataelewa bila kufafanuliwa, na ndiyo maana hunishangaza kwamba barua hizi zinatoka kwetu pia.

Kwa nini sheria ilijali makao ya baridi na kuyaacha yale ya joto? Jibu liko chini ya kwato. Sakafu ya zizi la majira ya baridi ni samadi ya kondoo na mbuzi iliyokanyagwa na kukauka, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka mingi. Wenyewe huiita buuts. Februari moja huko Arkhangai, saa moja asubuhi, kipimajoto changu kikionyesha nyuzi 31 chini ya sifuri, mwenyeji wangu aliniambia nivue glavu, akamsogeza kondoo jike kwa goti, akanishindilia kiganja changu mahali alipokuwa amelala. Palikuwa pakavu kama mkeka na pana joto kama kitanda kilichoachwa sasa hivi. Kisha akanipeleka hatua sita nje ya ukuta, akanionyesha ardhi ya kawaida, ambayo niliigusa kwa sekunde chache nikauondoa mkono kwa maumivu. Kondoo aliyekonda akilala juu ya ardhi hiyo iliyoganda huyachoma usiku kucha mafuta aliyoyaweka Agosti, kwa ajili tu ya kujipasha joto, na akiifanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa mfululizo hafiki Aprili. Buuts haijengwi kwa msimu mmoja, haibebeki kwa lori, wala jirani hawezi kukuazima. Anayeipoteza amepoteza majira yake ya baridi.

Ndiyo sababu siku moja ya Agosti nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimepewa nafasi katika gari la wasafiri wawili, watu wema kabisa, ambao walikuwa wametangulia kupiga kambi bondeni kabla sijafika. Niliwakuta ndani ya zizi la majira ya baridi. Walikuwa wamechimba sehemu ya sakafu ili hema likae sawasawa, na moto wao ulikuwa unawaka kwa mbao nne za uzio. Mwenye zizi alifika kesho yake kwa pikipiki, akazihesabu mbao zilizobaki, akalitazama shimo kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wageni wamekwisha kunywa chai. Mmoja wao akaniomba nimwambie kwamba walidhani hapaishi mtu. Nikiwa mkalimani nililitafuta neno la mahame katika Kimongolia changu, nikaambulia kusema kwamba waliona pako patupu. Mzee akajibu, bila hasira, kwamba yeye anaishi hapo, ila sasa ni Agosti.

Historia nitaipitia haraka, kwa kuwa wanaoniandikia hupenda kunikimbizia kwa Chinggis Khaan, kana kwamba yeye ndiye ushahidi wa watu wasio na mipaka. Mwanawe Ögedei, aliyetawala kuanzia 1229 hadi 1241, anatajwa katika kitabu Historia ya Siri ya Wamongolia akiagiza wananchi wagawiwe malisho na maji, akichimbisha visima katika nyika kavu na kupanga vituo vya wajumbe na farasi wa kupokezana. Watu wanaotangatanga hawaendeshi posta. Baadaye, chini ya utawala wa Qing, nasaba ya wafalme wa China, mfugaji alifungwa ndani ya khoshuu yake, yaani eneo lake la kiutawala, na hakuvuka mpaka apendavyo. Wakomunisti nao walimwingiza katika ushirika ulioitwa negdel, ambao kufikia 1960 ulikuwa umewakusanya karibu wafugaji wote, ukipanga nani ahame lini, na ukimpatia lori la kuhamia, daktari wa mifugo na majani makavu ya akiba. Sina hamu ya kuutetea mfumo uliowanyang'anya watu wanyama wao, lakini wazee wengi niliozungumza nao huyakumbuka yale malori kwa majonzi ya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyama hivyo vilivunjwa, mifugo ikagawiwa watu binafsi, viwanda vikafungwa, na maelfu ya watu wa mjini wakawa wafugaji bila kurithi zizi wala ujirani. Uhuru wa kwenda popote, ule ambao wasafiri huusifu kama mila ya kale, kwa sehemu kubwa ni zao la miaka hiyo ya msukosuko.

Hapa nikiri mambo ambayo vitabu vya kozi huyapita kimyakimya. Ratiba niliyoieleza juu inavunjwa kila mwaka. Wapo wanaohama mara mbili tu kwa sababu ya bei ya petroli au shule ya watoto, na wapo wanaokaa karibu na mji mwaka mzima. Tena kuna otori, ule uhamaji wa dharura wa kwenda mbali na makao ya kawaida ili kunenepesha mifugo au kuiokoa, ambao unaweza kumleta mgeni na mbuzi 600 juu ya nyasi ulizozitunza kwa miezi mitano. Kwa miaka ya mwanzo niliandika kwamba huko ni kuharibika kwa utaratibu. Siku hizi naona ni bima: humkatalii mwenye otori kwa sababu mwaka wa kesho utakuwa wewe. Hata hivyo nimeshuhudia bima hiyo ikimfilisi mwenyeji, na ninapoulizwa kama mpaka uwe mgumu zaidi au laini zaidi, jibu langu limebadilika mara mbili tayari.

Vivyo hivyo kwa kuchakaa kwa malisho. Mwaka 1990 nchi ilikuwa na mifugo takriban milioni 26. Mwaka 2019 ilikaribia milioni 71, mbuzi wakiongezeka kuliko wote kwa sababu ya biashara ya kashmiri, yaani manyoya yao laini. Wakati huo huo wastani wa joto umepanda kwa zaidi ya nyuzi 2 tangu miaka ya 1940. Nikisimama juu ya kilima kilichobaki vumbi na magugu machungu, siwezi kukuambia kwa dhamiri safi ni kiasi gani cha vumbi hilo ni cha mbuzi na kiasi gani ni cha mawingu, na huwa namtilia shaka mwenzangu anayetaja asilimia bila kupepesa macho. Kodi ya mifugo ilirejeshwa mwaka 2021 kwa kutumaini idadi itapungua. Kilichoipunguza kwa kasi ni zudi. Zudi si baridi tu. Ni mkusanyiko wa ukame wa majira ya joto, theluji nene au tabaka la barafu lisilopasuliwa kwa kwato, na mnyama aliyeingia Novemba akiwa tayari amekonda. Ile ya 2009 na 2010 iliua zaidi ya wanyama milioni 8, takriban mmoja kati ya kila watano. Ile ya 2023 na 2024 iliua zaidi ya milioni 7. Baada ya kila zudi, baadhi ya familia huuza geri ya ziada na kwenda kuisimamisha iliyobaki katika vitongoji vya Ulaanbaatar, mji mkuu unaokaliwa leo na karibu nusu ya Wamongolia wote. Hao ndio waliohama bila kurudi, na hakuna msafiri anayewapiga picha.

Kwa mwandishi wa barua pepe, basi, majibu kuhusu mahali pa kupiga hema. Ukiliona zizi la mawe au mbao, hasa lililojibanza kwenye mteremko unaotazama kusini na kilima kikilikinga upepo wa kaskazini, pita. Hata ukuta mmoja ukiwa umeanguka, pita. Usilale karibu na kisima cha Gobi, kwa sababu mifugo iliyotembea kwa kiu tangu alfajiri itaogopa hema lako na kugeuka. Sogea nusu kilomita au zaidi. Fuata njia ya magari iliyokwishachongwa, usianzishe ya kwako kando yake, maana nyika ile hubeba kovu la gurudumu kwa miaka. Ukiikaribia geri, simama mbali uite «Nokhoi khor!», yaani mshikeni mbwa, na uite hata kama humwoni mbwa. Kisha uliza mahali pa kulala. Utaonyeshwa kwa kidole, pengine mita 300 kutoka pale ulipopataka, na utapewa chai ya maziwa yenye chumvi.

Umeniuliza pia kama unaweza kuinunua pikipiki Arkhangai na kuiuza mkoani Bayan-Ölgii mwisho wa safari ili urudishe fedha zako. Hilo nitalijibu siku nikiwa na subira zaidi.