Mafuta Mekundu Si Mafuta Machafu

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni na kuwalisha hapa Salvador, Brazil, na kuna sentensi moja sasa imenichosha. Tukifika mtaa wa Rio Vermelho jioni, mgeni anachungulia karai la acarajé, yaani maandazi ya kunde ya kukaanga, anakunja uso, ananinong'oneza: "Kaka, haya mafuta yamerudiwa mpaka yamebadilika rangi."

Hayajarudiwa. Hayo ni dendê, yaani mawese ya mchikichi uleule wa Kigoma na Kongo, ulioletwa huku enzi za biashara ya utumwa. Wekundu wake ni karotini, na umo tangu yanapokamuliwa. Tena mambo ni kinyume kabisa na anavyodhani: mawese yakikaangiwa mara nyingi, wekundu hufifia, yakageuka kahawia. Mafuta ya kuogopa ni yale meusi, yanayotoa moshi na povu lisilotulia, yenye harufu ya kukereketa koo. Na hicho kitunguu kizima kinachoelea humo hakikusahauliwa. Mama muuzaji amekitia makusudi ili mafuta yasiungue. Linaloniudhi zaidi ni kusikia maneno haya kwa mtu wa Bukavu, Kongo, aliyelelewa kwa sombe (kisamvu) ya mawese.

Ukitaka cha kutilia shaka, acha karai, tazama masufuria ya pembeni. Kunde zinatoka kwenye mafuta yanayochemka, vijidudu havina nafasi. Lakini acarajé hupasuliwa kwa kisu na kujazwa vatapá (uji mzito wa mkate, tui la nazi, kamba wakavu, karanga, korosho na mawese), pengine na caruru ya bamia na kachumbari ya nyanya. Hivi vimepikwa na kukatwa mapema, na joto la Salvador halina huruma. Kwa hiyo nenda penye foleni, ambako sufuria halikai. Kula papo hapo. Wapo wanaofungiwa kwenye karatasi, wakala hotelini saa nne usiku, na asubuhi tumbo likivuruga wanalaumu mafuta! Mwenye mzio wa kamba au karanga aseme kabla kisu hakijapita. Na kwa mara ya kwanza moja inatosha, maana tumbo lisilozoea mawese mengi huenda mbio.

Wengine husema: "Kumbe ni bajia za kunde tu." Undugu upo, kwa kuwa asili yake ni akara ya Wayoruba. Ila humu hamna dania wala kitunguu saumu. Ni kunde zilizomenywa na kusagwa, kitunguu maji na chumvi, halafu mkono wa kupiga unga kwa mwiko hadi uumuke. Katika Candomblé, dini ya huku yenye asili ya Afrika, ni chakula cha Iansã, mungu wa kike wa upepo na dhoruba, na mwaka 2005 kazi ya akina mama hawa iliorodheshwa kuwa urithi wa taifa la Brazil. Basi tafadhali, usipunguziane nao bei kama uko Kariakoo.

"Chakula cha Brazil ni kikali." Pilipili inawekwa ukiitaka, nawe utaulizwa. Sema kidogo.

"Pão de queijo ina ngano." Haina. Ni vimkate vya wanga wa muhogo, jibini na mayai, kitu cha jimbo la Minas Gerais. Wanaokwepa ngano huikataa hiyo, kisha wakaagiza coxinha, kitafunwa cha kukaanga chenye kuku ndani, ambayo ngozi yake ndiyo ngano yenyewe.

Kwa ndugu zangu Waislamu nitakaa kidogo, maana hapa makosa yana uzito. Wanasema, "Nitakula wali na maharage tu, niwe salama." Kwenye migahawa midogo ya mitaa, chungu cha maharage mara nyingi kimetiwa kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa au soseji ili kiwe na ladha, hata kama huoni nyama kwenye sahani. Uliza jikoni, usimwulize mhudumu peke yake. Dhana nyingine ni kwamba, kwa kuwa Ghuba yote inakula kuku wa Brazil, basi kuku wa coxinha ya kona naye ni halali. Wale wa kusafirishwa Ghuba huchinjwa kwa utaratibu wa halali na kupewa vyeti. Huyu wa kona hana habari hizo. Hapo samaki wa kukaanga ndiye kimbilio, na acarajé yenyewe, ambayo ndiyo waliyoikimbia kwa sababu ya rangi ya mafuta.

Mwisho ni açaí, tunda la zambarau la Amazon, ambayo vijana huinywa kama dawa. Kwenye mji wa Belém, kaskazini, huliwa bila sukari, pamoja na samaki na unga wa muhogo. Ile ya bakuli iliyogandishwa huchanganywa na sharubati ya guaraná (tunda jingine la Amazon) na kumwagiwa granola, yaani nafaka zilizookwa, wakati mwingine na maziwa mazito ya kopo juu yake. Ni tamu, hata mimi naipenda, ila ihesabu kama aiskrimu.