Chura asiyeijua bahari

Usiku wa masika msituni Ngezi, kisiwani Pemba, unamsikia kabla hujamwona, na ukimwona unajiambia: ah, kumbe ndiye huyu! Kachura ka rangi ya matope. Wa kwanza kumshika nilimmulika kwa kurunzi niliyoiuma mdomoni, mabuti yamejaa maji, nikamwandika daftarini kwa jina la nduguye anayepatikana mpaka bara. Nilikosea. Hawa ndugu wamefanana hasa. Hata kile kijinundu cha mguuni, alama ya ukoo wao, wote wanacho.

Jina lake la kitaalamu ni Phrynobatrachus pakenhami. Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama, alimtangaza mwaka 1941 na kumpa jina la Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar aliyependa sana wanyama wa visiwa hivi. Hapatikani pengine duniani ila Pemba.

Sasa, kafikaje? Ngozi ya chura hupitisha maji. Mtie baharini, chumvi itamvuta maji mwilini mpaka akauke naye yumo majini. Zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilishuka kiasi cha mita 120. Unguja ikaungana na bara, wanyama wakapita kwa miguu. Pemba haikuungana, maana mkondo wa bahari unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Kwa hiyo ama wazee wa chura huyu walikuwapo tangu kisiwa hakijatengana na bara, ama walipanda gogo lililosombwa na mafuriko ya mto, mvua ikawaosha chumvi njiani. Mimi naegemea gogo, ingawa wenzangu hunicheka.

Misitu mingi ya Pemba iliondoka karne ya 19, ikapandwa mikarafuu. Ngezi imebaki kama hekta 1,440: mivule, mipapindi (miti ya jamii ya minazi), na mabonde yanayotuamisha maji. Vyura wa ukoo huu hutaga juu ya maji, mayai yakaelea tabaka moja, kama ufuta uliomwagika. Dimbwi likikauka mapema, viluwiluwi vyote vimekwisha.

Wageni huja Ngezi kutazama popo, shingo juu, miguu ndani ya madimbwi hayohayo. Mkija masika, basi, mulikeni chini, kwenye majani ya ukingoni. Akinyamaza, zimeni kurunzi mngoje kidogo; ataanza tena.