Kokoto nzuri, nywele nzuri: neno “fine” na wateja wangu

Mimi ni mfasiri. Fundi mkuu mmoja aliniletea hati ya zabuni iliyokwisha kutafsiriwa na kijana wake, akitaka niigonge muhuri tu aondoke. Ukurasa wa pili, “fine aggregate” imeandikwa “kokoto nzuri”. Nikamwambia, mzee, hapa unaagizwa mchanga. Akacheka. “Mwalimu, fine ni nzuri, hata mtoto wa darasa la tatu anajua.”

Anajua, ndiyo. Alifundishwa kusimama na kuimba “I am fine, thank you, teacher” kabla hajajua hata neno moja kati ya hayo lina maana gani, na neno likaganda hapohapo. Nimeisikia hoja hiyo kwa wahandisi, wauguzi na wenye maduka, na sasa nimechoka nayo.

“Fine” iliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, “fin”, na nyuma yake kuna Kilatini “finis”, yaani mwisho. Ni kitu kilichofikishwa mwisho wake: kimesagwa, kimevutwa au kimesafishwa hadi hakuna cha kuongeza. Unga uliosagwa hivyo huwa laini, waya uliovutwa hivyo huwa mwembamba, na dhahabu iliyosafishwa hivyo huwa haina mchanganyiko. Uzuri ni tawi moja tu la mti huo, wala si shina.

Kwenye zege, “fine aggregate” ni chembe zinazopita kwenye chekeche la matundu ya milimita 4.75 kwa vipimo vya Kimarekani, au milimita 4 kwa vya Ulaya. Kinachobaki juu ya chekeche ndicho kokoto. Kwa hiyo yule kijana hakukosea kivumishi. Alibadilisha mzigo mzima wa lori.

Kwenye vipodozi, “fine hair” ni nywele ambazo kila unywele ni mwembamba. Mtu anaweza kuwa nazo tele kichwani. Zikiwa chache, Waingereza wana “thin”. Nimeiona chupa imebandikwa “kwa nywele nzuri”, na nikajiuliza wenye nywele mbaya wanunue nini. Lakini iliyonikera kuliko zote ni rasimu ya bango la afya lililoonya kuhusu “chembe nzuri” hewani. Zinazosemwa hapo ni zile za kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Nzuri kwa nani?

Mimi hutumia dawa moja, na kila anayekaa kwenye kiti changu huipata bila malipo: tafuta kinyume chake. Kama kinyume ni kikwaruzo au chengachenga, andika laini. Kama ni nene, andika nyembamba. Kama ni mgonjwa, andika mzima. Ndiyo maana “fine weather” ni siku isiyo na mvua, lakini “fine rain” ni manyunyu, mvua hasa, ila ya matone madogo.

Wanaodhani huu ni ukorofi wa wafasiri wa leo wachungulie Biblia. Ile ya Kiingereza ya King James, ya 1611, inasema “fine gold”, “fine flour” na “fine linen”. Ya Kiswahili ya Muungano ina dhahabu safi, unga mwembamba na kitani nzuri. Sawa, hawakuwa wakifasiri Kiingereza hicho, lakini ona: vitu vitatu, vivumishi vitatu. 

Dhana potofu zilizobaki kuhusu “fine” nazipitia haraka, maana foleni ni ndefu.

Wengine husema faini ya trafiki ni neno jingine lililofanana kwa bahati tu. Hapana. Ni ukoo uleule wa “finis”: malipo yanayofikisha shauri mwisho wake. Kiswahili kimeikopa faini kutoka Kiingereza na kuacha kivumishi chake. “Laini” ya unga, kwa upande mwingine, haina undugu na “fine” hata kidogo, ni ya Kiarabu. Na laini ya simu ni neno la tatu kabisa, la Kiingereza, “line”.

Wapo wanaoamini “I’m fine” daima ni habari njema. Ukimkaribisha Mwingereza chai ya pili akasema “I’m fine”, weka birika chini, amesema ametosheka. Na akiulizwa hali, tafsiri yake bora tunayo tangu zamani: sijambo. Hakusema ana raha. Amesema hana jambo.

Na wapo wanaoipandisha “fine” juu ya “good”. Kwenye “fine wine” ni kweli, ni mvinyo bora. Kwenye “the report is fine”, mara nyingi taarifa imepita, hakuna zaidi. Aliyefurahi kwa kawaida angesema “good”. “Fine” ikija peke yake, fupi, na nukta nyuma yake, jiandae kabisa.

Yule fundi mkuu nilimtumia hati yake jioni, “mchanga” ukiwa mahali pake, pamoja na gharama ya kurasa nyingine kumi na moja nilizolazimika kuzirekebisha. Alijibu kwa neno moja la Kiingereza: “Fine.”