Kufuli zito si lazima liwe gumu kufunguka

Kuanzia wenye vibanda Makoroboi hadi wenye mitumbwi pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, wengi hupima kufuli kwa mkono: likiwa zito, linaaminika halifunguki bila ufunguo wake. Imani hii ina msingi, kwani chuma kinene humpa kazi kweli mwenye nyundo au msumeno.

Ila uzito hauhusiani na tundu la ufunguo. Ndani ya kufuli la kawaida kuna silinda ndogo iliyozuiwa na vipini vinavyosukumwa na springi. Kila kipini kina vipande viwili. Meno ya ufunguo huviinua mpaka maungio yote yalingane na ukingo wa silinda, ndipo inazunguka. Vipini vikiwa vichache na vimelegea, nyaya mbili zilizopindwa na mkono mtulivu hutosha.

Unaweza kujionea. Chukua kitasa chako mwenyewe cha mlango, chenye silinda ya aina hii na kisichotumika. Usitumie kufuli, kwani makufuli mengi yamepigwa ribiti, ukiyapasua hayarudi. Toa klipu ya nyuma, zungusha ufunguo kidogo, kisha sukuma silinda itoke kwa kijiti chenye unene sawa na silinda. Ukikosa kijiti, springi zitarusha vipini hadi chini ya kochi. Rudisha kipini kimoja tu, jaribu kukifungua bila ufunguo, halafu ongeza cha pili. Anayeanza hujifunza zaidi hivyo kuliko kuhangaika na kufuli zima.

Dukani, hesabu mabonde ya ufunguo: matano au sita ni afadhali kuliko matatu. Kisha mwombe muuzaji ujaribu ufunguo wa kufuli la pili la aina hiyohiyo. Makufuli ya bei ya chini wakati mwingine hukubali ufunguo usio wake.