Mawese na maji: matone madogo hayatoshi

Kigoma wengi huamini kwamba mawese yakikorogwa na maji kwa nguvu ya kutosha yatashikamana moja kwa moja. Tia kijiko cha mawese kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, utikise mpaka mkono uchoke. Maji yatageuka rangi ya chungwa, halafu matone mekundu yatapanda na kuungana tena juu. Nguvu huvunja matone tu. Yasirudiane, pawepo kiambato kinachoshika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili, kama lesithini ya soya au kiini cha yai. Tena katika nanoemalsheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na maji wenye matone madogo mno, matone huwa ya nanomita 20 hadi 200 hivi (milimita moja ni nanomita 1,000,000), na kwa kawaida hupasuliwa kwa mashine ya shinikizo kubwa au mawimbi ya sauti. Blenda ya nyumbani haifiki huko.

Husemwa pia kwamba tone likishakuwa dogo, basi kazi imekwisha. Hapana. Udogo huchelewesha kutengana, hauukomeshi. Mafuta ya karafuu huyeyuka kidogo majini, hivyo matone madogo hunyonywa na makubwa. Mawese karibu hayayeyuki kabisa, kwa hiyo hapo yana nafuu. Shida yake ni kuganda. Anayeuza mawese anajua dumu la asubuhi ya Julai linavyokuwa. Ndani ya tone fuwele huchomoza, hutoboa tone la jirani, na joto likirudi yote mawili huwa moja. Ndiyo maana kazi hufanywa mafuta yakiwa ya moto, na ni bora kutumia ile sehemu nyepesi isiyoganda upesi.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba nanoemalsheni yenyewe hulinda virutubisho. Ukipunguza kipenyo cha matone kwa nusu, eneo linalogusana na maji huongezeka maradufu, na karotini, ile rangi nyekundu ya mawese ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huharibika upesi zaidi kwa oksijeni, mwanga na chembe za chuma. Nanoemalsheni inahitaji chupa isiyopitisha mwanga, iliyojazwa mpaka juu. Na mawese yaliyochomwa mpaka yakawa meupe yamekwishapoteza karotini. Hakuna mashine ya kuirudisha.

Mtoto wa Ujiji anayekula maharage yaliyoungwa kwa mawese mekundu hahitaji nanoemalsheni: mafuta hayo tayari yanaisaidia karotini kufyonzwa tumboni. Faida ya nanoemalsheni iko kwenye kinywaji au dawa ya maji, ambako mafuta matupu yangeelea juu.