Kupangua gia bila klachi: inawezekana, ila jua kwanza una giaboksi gani

Madereva wa Freightliner na malori mengine ya Kimarekani yanayopanda Tunduma hii wanaijua kitambo, klachi wanaikanyaga wakati wa kuondoka na wakati wa kusimama, katikati hapo gia zinaingia kwa mkono na mguu wa mafuta tu. Shida inaanza pale utingo anapoona vile afu siku akipewa Hiace ya mtu anataka kufanya hivyohivyo. Mimi kazi yangu ni kufungua giaboksi, na hizi ni giaboksi mbili tofauti kabisa, ndo maana naandika.

Tuanze ndani. Watu wengi wanadhani ukiingiza gia unasogeza gia moja ikakamatane na nyingine. Hapana, gia za kwenda mbele zimekamatana muda wote na zinazunguka muda wote, unachosogeza wewe ni kola yenye meno inayoifunga gia moja na shafti inayotoka kwenda kwenye propela. Kola inafuata spidi ya matairi, gia inafuata spidi ya injini. Spidi zikilingana meno yanaingia bila hata sauti, zisipolingana yanagongana, ndo ile grrrr unayoisikia mpaka kwenye mkono. Sasa klachi haisawazishi spidi. Klachi inaiachanisha injini na giaboksi ili meno yasiwe na mzigo, basi. Kusawazisha ni kazi nyingine, na lazima ifanywe na mtu au na kitu.

Kwenye gari dogo inafanywa na sinkronaiza, ile pete ya shaba. Aliyeileta sokoni ni Cadillac mwaka 1928, kabla ya hapo dereva alikuwa anakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Pete inasugua koni ya gia mpaka spidi zilingane ndo inaruhusu kola ipite. Ukiwa umekanyaga klachi pete inahangaika na shafti ndogo na plate ya klachi tu, vitu vyepesi. Usipokanyaga, kapete kale kanatakiwa kaivute injini nzima, krenki, flaiwili na vyote vinavyozunguka nayo. Nikifungua giaboksi ya gari lililoendeshwa hivyo muda mrefu naona kabla hata sijapima chochote: mafuta yakimwagwa yana unga wa rangi ya dhahabu unaong'aa, ile mistari midogo ndani ya pete inayokata mafuta imelika imekuwa laini, na ncha za meno zilizotakiwa kuwa kali zimekuwa butu kama zimepigwa tupa. Hapo hakuna dawa ya kuongeza mafuta mazito jamani, ni kubadilisha pete.

Kwenye Eaton Fuller, ile Roadranger ya malori, giaboksi ina sehemu mbili, na pete hizo kwenye boksi ya mbele, ile ya gia kuu, hazipo. Meno ni manene, shafti za kando ziko mbili zinagawana mzigo, na anayesawazisha spidi ni wewe dereva. Chukua boksi ya gia 10. Gia na gia zinapishana kwa kama asilimia 35 hivi, kwa hiyo ukipandisha kwenye resi 1500 (mizunguko ya injini kwa dakika) injini inatakiwa ishuke mpaka 1100 ndo gia inayofuata ikubali. Punguza mafuta kidogo huku umeshika leva kwa upole, kuna nukta injini haisukumi lori na lori haliisukumi injini, hapo leva inatoka yenyewe bila nguvu. Iko free, haimo kwenye gia yoyote, subiri mshale wa resi ushuke, ukikaribia 1100 isukume taratibu itaingia. Ukiona unatumia bega jua umewahi au umechelewa. Kupunguza ni kinyume, toa kwenye 1100, ikiwa free piga resi mpaka 1500, ingiza. Boksi ya gia 18 nafasi ni ndogo zaidi, split moja, yaani nusu ya gia, inakula resi 200 na kidogo tu, ndo maana wanaoizoea wanaona raha.

Kitufe cha rengi, kile cha kuchagua gia za chini au za juu, kiweke KABLA hujatoa leva. Boksi ya nyuma, ile ya rengi, inabadilishwa na upepo leva ikipita free, na yenyewe ina sinkronaiza, ukichelewa kitufe leva ikaingia gia kabla haijamaliza unaichoma. Na pedali ya klachi ukiikanyaga mpaka chini kabisa unakamata breki ya klachi, ile inayosimamisha shafti ya kuingilia giaboksi, hiyo ni ya lori lililosimama tu, ukiifanya lori likitembea unaisaga.

Mlima Kitonga ukiwa unashuka usijaribu kabisa. Chagua gia juu kabla ya mteremko, ukae nayo mpaka chini. Ukiitoa katikati lori linaongeza spidi kuliko resi unazoweza kupiga, gia haiingii tena, na breki ya injini haina kazi ikiwa free. Unabaki na breki za matairi peke yake na tani zote zile nyuma.

Volvo I-Shift, giaboksi ya malori inayojibadilishia gia iliyotoka 2001, inafanya mchezo huuhuu, boksi haina pete kwenye gia kuu, kompyuta ndo inalinganisha resi.

Kwa gari dogo mimi naruhusu siku moja tu, waya wa klachi umekatika au masta ya klachi imevuja na uko mbali na fundi. Zima injini, weka gia ya kwanza, hakikisha mbele hakuna mtu, piga stata, gari litaruka kidogo huku linawaka. Ukifika kama resi 2000 achia mafuta, toa gia, egemeza leva kwa vidole viwili kwenye mlango wa gia ya 2 na usisukume, resi zikishuka itazama yenyewe. Foleni ikikaribia itoe mapema ubaki free ndo ukanyage breki. Usirudie stata mara nyingi, hiyo mota haikutengenezwa kusukuma gari. Ukifika gereji kama klachi yako ni ya mafuta mwambie fundi aanze na masta ya chini, ile iliyo kwenye giaboksi, mara nyingi ni raba tu imekwisha, asikimbilie kushusha giaboksi.